Mama Delphine Kapya, Mshonaji wa Bendera Tatu

Baada ya miaka thelathini na saba katika karakana yetu ya ushonaji, Atelye Kipande, Lubumbashi, Mama Delphine Kapya anastaafu tarehe 31 Machi 2025. Akiwa kazini, nchi imebadilisha bendera mara mbili. Yeye cherehani amebadilisha mara moja tu.

Ni mzaliwa wa Sakania, binti wa fundi wa reli. Alipoingia kwetu mwaka 1988, nchi ilikuwa Zaire na bendera ilikuwa ya kijani, yenye mkono ulioshika mwenge. Kushona vidole vya mtu kwa kitambaa si mchezo. Mkono wake wa kwanza ulifanana na wa mtu anayekula hindi la kuchoma, na bado ulipandishwa mlingoti, ukapigiwa saluti na watu wazito.

Mwaka 1997 Zaire ikaondoka na kijani chake. Ikarudi bluu ya wakati wa uhuru, nyota moja kubwa na sita ndogo pembeni. Mama Delphine alikwenda hadi mpakani, Kasumbalesa, kutafuta kitambaa cha bluu, na kijani kilichobaki akakigeuza aproni za wapishi wetu. Hakuna mpishi aliyelalamika.

Kisha ikaja ya 2006: bluu ya mbingu, nyota ya njano juu kushoto, na utepe mwekundu wenye kingo za njano uliopita kwa mshazari. Wanafunzi wake aliwaeleza maana: bluu ni amani, nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi, nyota ni mustakabali mwema wa nchi. Akifika kwenye zile kingo za njano, alicheka. "Hii ni mali ya inchi. Muone vile banaikata nyembamba!"

Siku mbili kabla ya sherehe ya uhuru ya Juni 30 mwaka ule, msimamizi wa sherehe, Bwana Adrien, alituletea mchoro wake mwenyewe: utepe unaanzia juu kushoto na kushuka. Mama Delphine akakataa. "Papa, ukiitelemusha, itapita juu ya nyota. Miye ni mushonaji, hapana muchinjaji."

Bwana Adrien alifoka kwamba atamfungisha. Mkurugenzi wetu, Papa Donat, kwa woga akamwamuru ashone vile vile alivyoagizwa. Mama Delphine akakunja kitambaa chote chekundu kilichokuwapo, akakitia kikapuni, akaenda zake nyumbani, mtaa wa Hewa Bora. Wakati ule alikuwa mjane mwenye watoto wanne na mshahara mmoja.

Asubuhi gari likasimama mlangoni pake. Akavaa viatu vya misa, kwani alijua anapelekwa gerezani. Akashuka Bwana Adrien, mpole kupita kiasi. Mkubwa wake alikuwa ameuona mchoro. "Mama, utusaidie," alisema. Akamsaidia, kwa sharti kwamba Bwana Adrien ashike mwenyewe ncha ya utepe mpaka mshono wa mwisho. Alishika kwa muda wa saa tatu, amesimama. Bendera ikapanda sawasawa, na Mama Delphine akapewa barua ya onyo kwa kutoka na kitambaa cha kazi.

Juzi tulimuuliza anapenda zawadi gani. "Nyumba yangu iko na madirisha ine, hata moya haina rido." Miaka yote hiyo ameshonea wakubwa na mashule, na kwake jua linaingia bila hodi.

Basi, Mama, mapazia haya tumeyashona sisi, saa za mapumziko. Asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutufundisha kukataa. Ukae vizuri, ulale mpaka uchoke, na tafadhali usiyapime kwa rula.

Nono, meza ya kukatia