Zege la Mama Mkwe

Mshona viatu alijifanya amesinzia basini ili asikie vizuri. Kiti cha mbele, fundi zege mmoja mzee alikuwa akimhoji kinyozi aliyejimwagia mwenyewe zege la paa la baraza.

"Miti ya kulishikilia umeing'oa lini, mwanangu?"

"Jana, mzee. Juu limekauka, hata jogoo kapita."

"Jogoo ndiye msimamizi wako? Kukauka siyo kukomaa. Linanyweshwa maji kila siku, na miti inakaa mpaka likomae. Nani yuko chini yake sasa hivi?"

"Mama mkwe. Kapenda kivuli, katandika mkeka."

"Mpigie atoke."

Kinyozi alitoa simu, akaanza kufuta kioo chake kwa shati, taratibu. Mshona viatu akafumbua jicho moja.

"Mzee, huwa linatoa mlio kwanza?"

"Piga simu, wewe."

Basi likasimama. Kinyozi akashuka, bado anafuta kioo.