Bwana Kufuli Akabidhi Kompyuta Arobaini na Moja

Miaka ishirini na sita na miezi minne. Ndiyo muda ambao Bwana Kufuli, mtunza kompyuta wa ofisi yetu ya vyeti vya kuzaliwa, alitukataza mambo. Tarehe 30 Juni anastaafu rasmi, na kumwandikia neno la kumuaga kumeniangukia mimi wa chai, maana kila meza nafika na habari zote ninazo.

Alianza tukiwa na kompyuta mbili, moja mbovu. Leo ziko arobaini na moja, na zote zinasikiliza chumba kimoja tu, kile chake kidogo karibu na choo. Ukitaka kuweka programu, kamwombe. Ukija na flashi ya nyumbani, iache kwenye kopo lake la maziwa ya unga, aipime kwanza kwenye kompyuta kuukuu isiyounganishwa na kitu. Mama wa masjala aliomba mchezo wa karata. Akajibiwa hapana, kwa barua yenye muhuri.

Watu walimchoka, tusifichane. Mwaka juzi tukamwandikia mkurugenzi: kila mtu aachiwe kompyuta yake, na Bwana Kufuli ahamishiwe stoo. Saini thelathini na tatu. Yangu ilikuwemo, ingawa kompyuta sina. Mkurugenzi akaona tuna hoja, akaamuru kompyuta ya kwake ifunguliwe kwanza, tuone. Barua ya uhamisho ikachapwa kabisa, ikawa inangoja Ijumaa.

Jumatano nikampelekea mkurugenzi chai, pamoja na flashi yenye video ya harusi ya binti yangu, aone mtoto alivyopendeza. Kwenye kopo sikuipitisha, si ya kwake ilishakuwa huru? Bi harusi hakutokea. Ulitokea uso mwekundu kioo kizima, na maneno ya vitisho, na mafaili yote yakagoma kufunguka. Mkurugenzi akaniuliza kama huyo ni wa upande wa bwana harusi.

Bwana Kufuli akaja na malapa yake, akang'oa waya ukutani. Kirusi kilikuwa kimeshabisha hodi kwenye zile arobaini, zote zikakigomea, maana hazina ruhusa ya kupokea kitu bila yeye. Watu laki nne na ushee wa wilaya hii wakabaki wamezaliwa. Mafaili ya mkurugenzi akayarudisha kutoka kwenye nakala anazoweka kila Jumanne. Hakufoka. Aliichukua flashi yangu, akaniandikia hati ya kuipokea.

Ijumaa barua ya uhamisho haikuonekana. Na ukiuliza nani alisaini ile yetu, kila mtu siku hiyo alikuwa likizo. Yeye hakuuliza.

Wiki iliyopita, siku yake ya mwisho kazini, kanuni yake ikamfikia mwenyewe: anayeondoka anafutwa kwenye kompyuta siku hiyohiyo. Dada anayempokea kiti alimsihi, jamani Baba, jiachie hata mwezi mmoja. Akakataa. Akajifuta kwa mkono wake, akakaa, akaandika neno lake la siri. Kompyuta ikamkatalia. Akajaribu tena, na tena. Ikamkatalia. Akaitikia kwa kichwa, akamwambia yule dada kwamba inafanya kazi vizuri, akavaa koti akatoka.

Asante sana, kaka yetu. Kapumzike na mama watoto, afya isikupungukie, na umri uwe mrefu. Ukitukumbuka, pitia mapokezi ujiandikishe kama wageni wengine. Chai nitakuletea hapohapo.