Kilo Zile Zile, Koti Limepasuka

Mbele ya duka la ushonaji, chini ya kibaraza cha bati, kuna benchi ambalo upande mmoja umebonyea kwa kukaliwa na mtu yuleyule. Huo ni upande wa Sentimita, fundi mwenye duka, aliyepata jina lake kwa kujisifu kwamba yeye hupima mara moja tu, hamwiti mteja kuja kujaribu nguo, na nguo haijawahi kumkataa mtu. Pembeni yake hukaa muuza nyama wa mlango wa pili, Nusu Kilo, na jina hilo halina haja ya kuelezwa kwa yeyote aliyewahi kununua kilo nzima kwake. Wa tatu ni Breki, dereva wa pikipiki, ambaye hizo breki hana. Mama Birika huwauzia kahawa na kuwakatiza maneno. Asubuhi hiyo ya Alhamisi Sentimita hakukaa. Alisimama katikati ya kibaraza na koti jeusi la harusi mkononi, limepasuka mgongoni kutoka kwapa hadi kwapa, na kwa hasira yake hata kahawa hakuigusa.

– Tazameni! Tazameni vizuri! – alifoka, akilibwaga koti juu ya mapaja ya Nusu Kilo. – Mshono wangu mimi ndio wa kuachia hivi?

– Ulibana kitambaa mgongoni, – alisema Nusu Kilo, akikisogeza kikombe chake kisimwagike.

– Mimi? Wewe unayepima nyama na kidole gumba juu ya mzani ndiye wa kunifundisha kupima?

– Fundi, sijakutukana. Usinitukane.

– Kaeni kitako nyote wawili, – alisema Mama Birika. – Fundi, sema kilichotokea. Kelele zako tumezisikia, habari bado.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Koti na suruali yake vilikuwa vya mkwewe mtarajiwa, mwoka mikate wa mtaa wa nyuma, anayemwoa binti pekee wa Sentimita Jumamosi. Jana jioni kijana alivivaa mbele ya shangazi zake na mchumba wake. Alipoinua mikono, koti likapasuka. Alipogeuka kutazama kimepasuka nini, suruali ikamshuka hadi magotini. Shangazi walicheka mpaka wakashikana. Binti hakucheka. Alilibeba koti hadi dukani, akaliweka juu ya cherehani ya baba yake.

– Akaniambia, ‘Baba, wewe humpendi. Umefanya makusudi ili aaibike. Jumamosi usije.’ – Sentimita alijipiga kifuani. – Mimi! Nisije kwenye harusi ya mwanangu niliyemlea peke yangu! Nikamwambia, mama, nilimpima kwa mikono yangu hii miezi minne iliyopita, pengine mwenzio kabadilika. Akanitolea vikaratasi viwili vya mzani wa duka la dawa. Mwezi ule nilipompima, kilo tisini na tatu. Juzi, tisini na mbili. Kilo moja, jamani! Koti linapasuliwa na kilo moja?

– Na binti mwenyewe haoni mchumba wake alivyo? – aliuliza Mama Birika.

– Anaonana naye kila siku, ataona nini? Na kijana anashinda ndani ya ovaroli la kuokea, pana kama hema. Mwenyewe analalamika kila siku kwamba anajichosha na vyuma huko jimu na hapungui.

– Hilo ni kweli, – alisema Breki. – Ni mimi ninayempeleka huko kila alfajiri. Njia nzima ananung'unika, kilo hazishuki, kilo hazishuki. Lakini mimi najua tatizo. Mzani wa duka la dawa umechoka. Ule ukiupandisha mbuzi unasema tisini.

– Mimi nilipanda mwezi uliopita, – alisema Mama Birika. – Ulisema sabini na nane.

– Basi ulikuheshimu.

Mama Birika alimnyima kahawa.

– Hebu subirini, – Breki aliendelea, hakutaka kushindwa mapema. – Nimekumbuka. Kule jimu wanamlaza kwenye ubao, miguu juu, kichwa chini. Nimeona kwa macho yangu. Sasa mtu ukimgeuza kichwa chini miezi minne, mafuta ya tumboni yataenda wapi? Yanateremka mabegani! Tumbo limehama, mzigo ni uleule.

– Mafuta ni maji ya dumu hayo, yateremke? – Nusu Kilo alimkaripia.

– Basi ni vyuma. Anashika vyuma asubuhi, anashika vyuma jioni, lazima kidogo kinaingia mwilini. Mifupa inanyonya. Mleteni hapa na sumaku, mtaona.

– Mimi nasema ni mawazo, – alisema Mama Birika. – Mwanaume akikaribia kuoa, mwili unakonda lakini kichwa kinajaa. Mawazo nayo yana uzito wake.

Sentimita alipiga kiganja ukutani, na kipande cha chokaa kikadondoka.

– Mwanangu amenifuta! Kesho kutwa anaolewa, na nyinyi mnaniletea sumaku! Kama hamna la kusema, rudini makazini kwenu!

Hata mwanamke mmoja mgeni, aliyekaa mwisho wa benchi na gauni lenye zipu mbovu akisubiri zamu yake, alikunja miguu yake chini. Nusu Kilo aliinuka. Safari hii na yeye alikuwa amekasirika, kwa sababu upuuzi juu ya nyama humuudhi kuliko kitu chochote duniani. Aliingia buchani, akatoka na mzani wake na sahani mbili, akaviweka juu ya benchi kwa kishindo.

– Njooni hapa, wajinga nyie. Hili ni bonge la mafuta matupu. Kilo moja, na kidole changu nimekiweka mfukoni, fundi, angalia. Na hii ni nyama nyekundu ya paja, haina hata uzi wa mafuta. Kilo moja. Lipi kubwa?

Waliinama wote. Mafuta yalijaa sahani na kuning'inia ukingoni. Nyama ilikaa katikati imejikunyata.

– Mafuta, – alisema Breki, kwa shingo upande.

– Mafuta! Sasa nisikilizeni. Huyo kijana kila siku ananunua kwangu robo ya paja na kuniamuru niondoe mafuta yote. Anakula maharage, anakula mayai. Mkate anaoka, hali! Mwoka mikate asiyekula mkate, nyie hamkushangaa? Huku anainua vyuma. Basi mafuta yametoka kiunoni, sema kilo nane. Nyama zimejengeka mabegani na mgongoni, sema kilo saba. Mzani unaona tofauti ya moja. Mzani hauna macho, fundi. Haujui kilo ipi ni ya nini. Suruali inajua, koti linajua.

Sentimita alizitazama sahani zile mbili kwa muda. Halafu akachukua koti, akaunyoosha mpasuko kwa vidole, akauona kwa mara ya kwanza tangu jana: haukuwa mshono uliobanwa, ulikuwa mgongo uliopanuka. Moyo ulimruka kwa furaha.

– Kwa hiyo sikukosea!

– Hukukosea.

– Kwa hiyo sikufanya makusudi!

– Nani alisema ulifanya makusudi?

– Mwanangu! Funga bucha, twende kwake sasa hivi. Beba mzani. Beba na hizo sahani, umweleze kama ulivyotueleza. Breki, washa pikipiki! Leo ataniomba radhi yeye, na huyo mumewe ataniomba radhi, na wale shangazi wenye meno nje wataniomba radhi mmoja mmoja!

– Samahani, – alisema yule mwanamke mwenye gauni. – Mimi ni mgeni hapa, sijui mambo yenu. Nauliza tu. Nani alimwambia huyo kijana apungue?

Breki, aliyekwishapanda pikipiki, hakuiwasha. Nusu Kilo alianza kufuta mzani ambao haukuwa na uchafu. Mama Birika alitazama barabarani.

Wote walikuwepo siku ile ya kupima, miezi minne iliyopita. Sentimita alimpima kijana pale pale kibarazani, kwa kuwa pana mwanga. Alimzungushia futi kiunoni, akaona inakaribia kumwishia mkononi, na badala ya kuitaja namba kwa sauti ya kawaida kama anavyowatajia wateja wengine, aliitangazia benchi zima. Mia na kumi na tatu! Jamani, binti yangu anaolewa na gunia la unga! Nusu Kilo alipiga mapaja. Breki aliapa kwamba atamtoza nauli ya abiria wawili. Mama Birika alijiziba mdomo, lakini mabega yalimtikisika. Asubuhi iliyofuata Breki alimpeleka kijana jimu kwa mara ya kwanza, na njiani hakumuuliza kitu.

– Si alicheka na yeye? – Breki alisema hatimaye, akiwa bado juu ya pikipiki.

– Alicheka, – alisema Sentimita. Alikaa, lakini si upande wake. – Alicheka huku amenyoosha mikono, ananisubiri nimalize.

Mwanamke mgeni aliliweka gauni lake magotini.

– Na binti yako alikuwepo?

Sentimita alilikunja koti mara mbili, akalikunjua tena.

– Ndiye aliyekuwa ananiandikia vipimo, – alisema.