Mathenge Juu ya Kaburi la Binti Yangu

Assalamu alaikum, dada zangu wa kikundi cha Iftin, na nyinyi msio Waislamu, hamjambo. Kiswahili changu ni cha kuuza maziwa sokoni, kwa hivyo nikiteleza chekeni tu, sitanuna. Nimeombwa nisimulie yaliyonipata. Majina ya watu sitataja.

Mti wa mathenge mnaujua. Nani hapa hajachomwa na mwiba wake? Lakini ndugu zangu, nawaambia, ulipoletwa kwetu kando ya laga, ule mto wetu wa msimu wa mvua tu, tuliupenda. Miche yake tuliimwagilia maji ya kunawia. Ulitupa kivuli wakati miti mingine imekauka, na mbuzi walikula maganda yake matamu. Binti yangu naye aliyatafuna, akarudi nyumbani mdomo unanata. Nilikuwa namgombeza huku nacheka.

Ukame ule wa kabla ya El Nino ndio ulimchukua. Homa ya siku chache tu, na hospitali iko mbali. Alikuwa hajang'oa hata jino moja la utoto.

Tulimzika karibu na boma. Kwetu kaburi huzungushiwa miiba, fisi asifike. Wanawake wa boma walikata matawi ya mathenge, kwa sababu yalikuwa karibu na ni makali, wakayaburuta mpaka pale. Yalikuwa yamejaa maganda. Nani angefikiria mbegu siku ya msiba? Mbuzi wakawa wanasimama pale wanakula, wanaacha samadi yao. Mimi nilifurahi, nikasema mtoto wangu amepata wageni.

Kisha tukahama na mifugo kuelekea Wajir kutafuta malisho. Mvua ikaja, ile iliyokata barabara, tukakaa huko muda mrefu. Siku tuliporudi nilishuka kwenye lori nikakimbia kumsalimia mtoto. Sikuona kaburi, dada zangu. Niliona msitu wa miiba, hata mbwa hapiti. Nilizunguka nikimwita jina lake. Niliingia kwa mikono, nikatoka na damu, sijafika popote.

Hapo ndipo nilipoanguka. Sikukamua, sikupika. Mume wangu ndiye alipika, na mnajua ni jambo gani mwanamume wa Kisomali kushika mwiko! Ugali wenyewe ulikuwa mbichi, lakini Mungu amlipe. Mimi kila siku nilikuwa kule na panga. Nikikata tawi, kisiki kinachipua matawi mengi zaidi. Mwisho nikalala chini nikasema basi, huyu mtoto nimenyang'anywa mara ya pili.

Asubuhi moja jirani yangu alikuja na jembe. Hakunipa hata pole.

"Abaayo, dada yangu, hii miti ukikata juu inakucheka tu," akasema. "Inataka kuchimbwa mizizi. Hebu songa."

Nyuma yake walikuja wanawake wa boma zima, walewale walioburuta matawi. Mmoja alikuwa analia kabla hajaanza kazi. Akaniambia, "Sisi ndio tulileta hii kitu kwa mtoto." Nikamwambia hapana, nyinyi mlimlinda na fisi. Tukashikana tukalia sote wawili, halafu tukachimba.

Tulichimba kiangazi chote. Tulipofika kwenye mawe ya kaburi, tukakuta mti mmoja umesimama katikati yake, shina lake kama mkono wangu. Jirani aliinua jembe, halafu akalishusha polepole. Ukiufuata mzizi ule, utamfikia mtoto.

Tulimuuliza shehe wetu. Akasema, "Maiti hasumbuliwi. Kateni juu, chini muache."

Kwa hiyo mti ule upo. Nauchukia, walaahi. Kila ukitaka kutoa maua naukata mwenyewe, usije ukazaa, halafu nakaa pale namwombea binti yangu. Angalau sasa nafika.

Wale wanawake nawashukuru mbele yenu, na mume wangu, na huyo jirani mwenye mdomo mkali. Wasingekuja, ningekuwa bado nimelala kule. Ukisikia mwenzako amezidiwa, usimtumie salamu na mtu. Nenda mwenyewe, hata kama hujui la kumwambia.

Mimi sijapona kabisa, nisiwadanganye. Nakula, nakamua, hata mzaha nafanya. Lakini nikishika panga pale kaburini nakata juu tu, polepole, kwa sababu najua mzizi ule umemshika nani.