Historia ya Kaka Yetu Kaza-Tena, Mfungaji wa Matrekta ya Zamani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama mimi, mdogo wake, kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kaza-Tena.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya babu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1973, mkaidi kuliko alivyoingia.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye karakana ya usafirishaji, akapewa kazi ya kupakia matrekta ya zamani kwenye tela, kazi iliyowashinda wengi kwa kuwa chuma kikuukuu hakitaki papara, naye alitia kabari kwenye magurudumu, akafunga minyororo kwenye ekseli, kamwe si kwenye usukani, na baada ya mwendo mfupi alimsimamisha dereva akashuka kuikaza tena, maana mzigo ukishatikisika mnyororo hulegea, na madereva wakinung'unika aliwajibu kwamba mwenda pole hajikwai.

Mwaka 1981 alikwenda kuchukua trekta la mzee mmoja, msaidizi wake hakutokea, binti wa mzee akamshikia upande wa pili wa mnyororo, na baba mkwe hadi anafariki alisema kijana yule alifuata trekta bovu akaondoka na mzigo wa maana. Walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1982, wakajaliwa binti na mwana.

Februari mwaka huu kifua kilianza kumbana, akalazwa tarehe 3 Machi, na hata wodini hakupata usingizi mpaka shemeji, mkewe, ahakikishe magurudumu ya kitanda yamefungwa, wauguzi wakacheka, naye akacheka nao. Asubuhi ya tarehe 11 alipelekwa kufanyiwa upasuaji wa moyo, shemeji ameshika mkono wake, mlangoni muuguzi akamwambia kwa upole kwamba hapo inabidi amwachie, akamwachia, na mchana daktari akatoka kutuambia kaka ametutoka. Tangu siku hiyo shemeji anajiuliza kwa nini alimwachia.

Tunawashukuru madaktari, majirani na wenzake wa kazini, na zaidi muuguzi yule, aliyefika jana kutupa pole akatueleza kwamba neno la mwisho la kaka, ndani ya mlango ule, lilikuwa kuomba mkewe apelekewe kiti, maana alikuwa amesimama tangu alfajiri. Kiti kililetwa, shemeji akakikataa, hakujua kimetoka kwa nani.

Pumzika kwa amani, kaka, mkeo leo ameketi.