Mlango Nyuma ya Picha

Mheshimiwa Meya, Mwenyekiti wa Bodi ya Ukumbi wa Mikutano, wakuu wa idara, ndugu wafanyakazi, majirani zangu wa mitaa ya kale, dada yangu uliyependeza hapo mbele, na wewe shemeji, meneja wetu unayestaafu leo: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya majirani. Kwa wasionifahamu, mimi ni msimamizi wa mahakama ya zamani, ambayo sasa ni makumbusho, lile jengo la mawe lililo nyuma ya ukuta huu. Nasema nyuma ya ukuta kwa sababu siku hizi ndiyo anwani yetu.

Kazi ya shemeji haina ubishi. Alikabidhiwa ukumbi unaovuja, vipaza sauti vikikohoa kuliko wasemaji, na leo anauacha ukiwa mkavu, umejaa, na umelipiwa mpaka mwakani. Madaktari, wahasibu, wafuga nyuki, wote wamekutana hapa wakala wakashiba. Hata nyumbani kwake ndivyo alivyo: ukifika utakula, hata kama umetoka kula. Nani anabisha? Dada, wewe usijibu.

Sasa, ndugu wageni waalikwa, mlipoingia mliiona picha kubwa pale mapokezi. Ni picha ya jengo langu, na nyuma yake mnara wa saa. Nzuri kweli. Wageni hupanga foleni kupigwa picha mbele ya picha hiyo, kisha hupanda basi la uwanja wa ndege. Juzi juzi daktari wa meno mmoja aliyekuwa akitafuta duka la dawa alipotea njia akatokea kwangu. Alitazama nguzo, akanitazama mimi.

"Jamani, hili si lile la kwenye picha? Nilidhani lilishabomolewa!"

"Karibu, mama. Bado tupo."

"Sasa mbona hawatuambii?"

Nikamwonyesha njia ya duka la dawa. Ningemjibu nini, wakati jibu lenyewe ni mume wa dada yangu?

Maana nyuma ya picha ile kuna mlango. Wazee wa kazi mnaukumbuka. Ulikuwa unafunguka moja kwa moja kwenye mtaa wetu, kwa muuza kahawa, kwa fundi viatu, kwenye ngazi za mahakama. Kisha ukaja ule mkutano mkubwa wa kwanza. Mgeni rasmi alikuwa na hotuba ndefu, na wajumbe, mmoja mmoja, wakachomoka kwa mlango ule kwenda kunywa kahawa na kutazama mnara. Mgeni rasmi alipoinua macho, alikuwa akihutubia viti. Shemeji aliona aibu, nami simlaumu. Akaufunga mlango, akaniambia, "Wiki moja tu, shemeji, mambo yapoe." Akatundika picha ili usionekane. Mambo yalipoa, tena yalipoa sana. Muuza kahawa aliyekuwa na meza tano sasa ana meza moja, na anaikalia mwenyewe.

Mheshimiwa Meya, nalisema hili mbele yako bila kuficha: naogopa. Ofisi yako imetuarifu kwamba wageni wasipoongezeka, mahakama itafungwa mwisho wa mwaka, na jengo litakuwa ghala la viti vya ukumbi huu. Sijaja kulalamika. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni anafungiwa ndani pamoja na chakula chake?

Majirani walitaka kukununulia saa ya ukutani, shemeji. Nikawaambia mnara wa saa tunao, aje auone. Zawadi yetu ni fundi seremala, yule pale karibu na picha, mwenye bisibisi. Hajagusa kitu. Anasubiri neno lako aishushe picha, kwa sababu ofisi utaikabidhi jioni, na mpaka hapo funguo ni zako.

Ngazi zile unazijua. Ulikaa pale ukiwa karani kijana, shati limelowa jasho, ukimsubiri dada yangu, na mimi ndiye niliyetumwa kukwambia, "Usiondoke, anakuja." Ulisubiri mpaka akaja. Nasi tumekusubiri, shemeji, bila kuondoka. Kama watu wako wataona aibu tena kwa viti vitupu, waambie wafupishe hotuba.

Basi nami nifupishe yangu. Dada, usimsukume, mwache ainuke mwenyewe... Haya, ameinuka, na funguo anazo mkononi. Fundi, legeza hizo skrubu.

Ndugu zangu, mmenipa masikio yenu, nami nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa naomba na miguu yenu. Kahawa iko nje, na mlango ni ule pale.