Waliozaliwa Januari Mosi

Kwenye basi la Lodwar kwenda Kakuma, mwaka 2013, mwanamume wa kiti cha mbele yangu alifungua kompyuta na kulalamika mpaka jirani yake akageuka. Aliitwa Wasike, na alikuwa ameandika programu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, ya kusajili wanafunzi wa kambi ya wakimbizi. "Nimeingiza mia sita, dada, inanionyesha mia nne. Nimebadilisha hata kompyuta!" Niliihurumia ile kompyuta ya zamani.

Jirani, Nyariek, alisema Java amejifunzia kambini, akaivuta kompyuta magotini kwake bila kuomba. "Usibadilishe kitu kama hujui kosa liko wapi. Shika mtu mmoja aliyepotea, mfuate hatua kwa hatua." Wakamfuata Nyandeng Malith. Walikuwa wameingizwa watatu wa jina hilo, akabaki mmoja.

"Ona hapa," akasema Nyariek. "Umeiambia programu kwamba watu wakifanana jina na tarehe ya kuzaliwa, ni mtu mmoja."

"Si ni kweli? Nani hufanana vyote viwili?"

"Sisi. Tulifika bila karatasi, karani akatuandikia wote Januari mosi. Mimi, mama, majirani. Tumia namba ya usajili."

Wasike akajivuta. "Programu yangu iko sawa. Tarehe zenu ndizo mbovu."

"Hiyo tarehe mbovu nimefanyia mtihani, nikawa wa kwanza."

Basi liliposimama Kakuma, Wasike alikuwa bado anabisha. Mimi nilishuka kifua mbele. Kitambulisho changu nacho kimeandikwa Januari mosi.